Kalori Sita

Saa ya mkononi niliyoitaka ilikuwa inauzwa shilingi elfu tisa na mia tano, kwenye duka moja la simu mjini Nakuru. Ingenipimia mapigo ya moyo nikikimbia, kisha mwisho iniambie nimechoma kalori ngapi. Nilikuwa nimeweka pesa kidogo kidogo tangu Januari. Mwezi wa tatu Mama akaunda kundi la WhatsApp, akaliita "Tangi la Shosho", na kila mjukuu mwenye kazi akaombwa elfu tano. Nikaandika: "Mwezi huu nimebanwa kidogo, nitatuma." Sikuwa nimebanwa. Nilikuwa na elfu saba kwenye M-Pesa, na zote zilikuwa za saa.

Natanguliza hilo ili usije ukadhani mimi ndiye mtu mzuri katika hadithi hii. Nina miaka 29, nakaa mbele ya kompyuta saa nane kwa siku, na mwaka jana suruali zangu tatu zilikataa kufunga. Ndipo nikaanza kukimbia. Na kwa vile mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kufanya kitu bila kujua nimekifanya kiasi gani. Saa haijapatikana, basi nikajifunza kukadiria bila saa.

Si kazi ngumu. Kuna kipimo kinaitwa MET. Ukikaa kitako umetulia, hiyo ni MET 1, na inakugharimu kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako kwa saa. (Ninaposema kalori namaanisha ile ya kwenye pakiti ya biskuti, ambayo wanasayansi huiita kilokalori.) Kutembea mwendo wa kawaida ni kama 3.5. Kupanda mlima bila mzigo ni 6 na kitu. Kukimbia kilomita 8 kwa saa ni 8 na kitu. Kuna orodha nzima ya mambo haya, ilichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1993 na imekuwa ikiongezwa tangu hapo; hata kufua nguo kwa mikono kumo. Unachukua namba ya kazi yako, unazidisha kwa kilo zako, unazidisha kwa saa ulizotumia. Mimi nina kilo 74. Kutoka Milimani kupanda kuelekea ukingo wa Menengai, saa nzima, ni 6.3 mara 74: kalori 466. Halafu unatoa 74, kwa sababu hizo ungezichoma hata ungekuwa umelala unatazama mpira. Zinabaki 392. Watu wengi husahau kutoa.

Na moyo je? Vidole viwili chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukiona uvivu kusimama, ongea. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, unafanya kazi ya wastani. Ukitoa neno moja moja kama mtu anayelipia kila neno, hiyo ni kazi nzito. Msweden mmoja, Gunnar Borg, alitengeneza ngazi ya kuanzia 6 hadi 20 ambapo unaulizwa tu unajisikiaje, na jibu lako ukilizidisha mara kumi linakaribia mapigo ya moyo wako kwa dakika. Nilipenda sana kwamba mtu wa maabara alikubali kuuliza swali la kawaida hivyo na kuliamini jibu.

Hata hiyo saa, ukweli usemwe, haipimi kalori. Inapima mapigo, kisha inakisia. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi. Kwenye mapigo ya moyo karibu vyote vilikuwa sawa. Kwenye kalori, kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kilikosea kwa asilimia 93. Nilisoma hayo nikacheka, lakini saa bado niliitaka. Moyo una mambo yake.

Sasa, tatizo langu la kwanza lilikuwa chapati.

Nikishuka kutoka Menengai huwa napitia kibanda fulani karibu na stendi, chapati mbili na ndengu. Chapati moja ni kama kalori 250, inategemea mkono wa mpishi na mafuta yake. Nikawa siwezi kuila bila kufungua kitabu. 392 toa 250, bado nadai 142. Chapati ya pili inanitia kwenye deni. Siku ambayo sikukimbia nilikula kama mtu aliyekopa. Siku niliyokimbia nilikula kama mtu anayechukua chake. Neno nililokuwa nikitumia ni "nimestahili", na nililisema mbele ya Mama Jumapili moja nikijipakulia mara ya pili.

"Kwani chakula kimekuwa mshahara siku hizi?" akaniuliza.

Nilidhani ni utani wa wazazi. Lakini ukiliangalia vizuri, ni swali la haki. Kama chakula ni mshahara wa jasho, basi mgonjwa anakula kwa huruma, mtoto anakula kwa mkopo, na mtu wa mkokoteni pale Wakulima, anayesukuma magunia ya viazi kutoka alfajiri, angekuwa anakula kuliko sisi wote. Hali. Mimi nimemwona akinywa chai na andazi moja saa nne asubuhi na kurudi kazini.

Tena mwili wenyewe hautunzi vitabu namna hiyo. Ukifuata Bonde la Ufa kuelekea kusini, uvuke mpaka, utafika Ziwa Eyasi, Tanzania. Huko wanaishi Wahadza, ambao wengine wao bado wanawinda na kuchimba mizizi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima kwa maji maalumu unayokunywa, kisha mkojo wako unasema umetumia nguvu kiasi gani kwa siku kadhaa. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika kuliko vyote nje ya maabara. Wanaume wa Kihadza walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Mwaka 2012 matokeo yakachapishwa: ukizingatia ukubwa wa mwili, kalori zao kwa siku nzima hazikuwa tofauti na za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi hapa, unabana kule, mahali ambapo huoni.

Basi nikabaki na namba ambayo kwa siku moja inasema mimi na mwindaji ni sawa. Hilo linapaswa kumshtua mtu anayetaka kutumia kalori kupimia nani amefanya kazi. Mimi halikunishtua vya kutosha. Nilifurahi tu kwamba nimepata kitu cha kuwaambia watu wa ofisini, na nikaendelea na hesabu zangu.

*

Shosho anaishi Subukia. Unapanda matatu ya Nyahururu, unapita Bahati, halafu barabara inashuka bondeni kwa namna ambayo abiria wapya huacha kuongea. Nyumba yake iko juu ya kilima kidogo na chemchemi iko chini. Ana kilo 52. Najua kwa sababu Aprili nilienda na mizani yangu ya bafuni kwenye begi. Usiniulize mtu mzima anasafirije na mizani. Alipanda juu yake na gamboti, nikamwomba avue, akauliza kama mizani nayo inataka kujua ana umri gani. Mimi ndiye mwenye jina la babu, kwa hiyo Shosho huniita "mzee wangu" na hunivumilia mambo ambayo wajukuu wengine wangefukuzwa.

Nilikuwa na lengo, na si lengo baya kabisa. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa amekataa kuchangia tangi. Mjomba si mtu mkatili. Yeye ndiye humlipia Shosho dawa za presha, kila mwezi, bila kutangaza kwenye kundi lolote. Lakini kuhusu maji aliandika ujumbe mfupi: "Huyo ameteka maji tangu akiwa msichana. Amezoea. Akiacha kutembea ndiyo atalala kitandani." Wajukuu wawili wakaweka vidole gumba. Nikasema, hawa wanahitaji namba. Nitapima jasho la Shosho, nitaliweka kwenye kundi, waone aibu. Kumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa bado sijatuma hata shilingi.

Zamani Shosho alikuwa akibeba mtungi wa lita 20. Siku hizi anabeba wa lita kumi, mara tatu kwa siku. Anaubeba mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, kama walivyobeba mama yake na mama wa mama yake. Anainama kidogo, shingo imekaza, mikono haina kazi. Akienda hivyo huwezi kusema ana haraka na huwezi kumfikia.

Nilipima mtungi ukiwa umejaa: kilo kumi na nusu. Programu ya ramani kwenye simu ilisema kutoka chemchemini hadi mlangoni ni kupanda kama mita 60. Kushuka dakika 15, kupanda dakika 20. Nikakaa kwenye gogo na kalamu.

Hapo ndipo nilipokutana na utafiti ambao sikujua upo, na ulifanyiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Maloiy, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake Heglund, Prager, Cavagna na Taylor. Walichukua wanawake wachache wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa mukwa. Wakawatembeza juu ya mashine ya mkanda, wakapima oksijeni wanayotumia, ambayo ndiyo njia halisi ya kujua kalori. Wakakuta kitu ambacho hawakukitarajia. Mwanamke akibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake, oksijeni haikupanda. Haikupanda hata kidogo. Mzigo ulikuwa wa bure. Ukizidi hapo ndipo gharama ilianza, ikipanda taratibu. Wanajeshi wa Marekani waliopimwa wakiwa na shanta mgongoni walianza kulipa mapema. Kwa mzigo huo huo wa asilimia 20 gharama yao ilipanda kwa asilimia 13. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza sababu: wanawake hao hutembea wakiwa na mzigo kama timazi inayobembea vizuri zaidi, nguvu ya hatua moja ikihifadhiwa kwa hatua inayofuata.

Sasa fanya hesabu niliyofanya mimi. Asilimia 20 ya kilo 52 ni kilo 10.4. Mtungi wa Shosho ni kilo 10.5.

Hakuna mtu aliyemwambia. Hajasoma Nature. Miaka ilipozidi alipunguza mzigo mpaka akafika kwenye mstari ule ule uliochorwa na maprofesa kwa mashine, akasimama hapo.

Kwa hiyo kwenye tambarare mtungi wake haugharimu chochote. Kilichobaki ni mlima, maana mlima hauna ujanja: kilo 10.5 kupanda mita 60 ni kama kalori moja na nusu za kazi halisi, na misuli hutoa kazi kwa kama robo ya kile inachokula, kwa hiyo zidisha mara nne. Kalori sita. Kijiko kimoja cha sukari kina 16.

Kutembea kwake mwenyewe, kushuka na kupanda, ukitoa zile za kupumua tu, nilikadiria kama kalori 100. Lakini maji yenyewe, yale ambayo familia nzima ilikuwa inagombana juu yake, yalikuwa kalori sita kwa safari. Nilikuwa nimekuja kutafuta silaha ya kumpiga nayo Mjomba, na silaha ikageuka ikawa upande wake. Amezoea. Sayansi inakubali. Na kutembea kwa kalori 100 mara tatu kwa siku, si ndiyo daktari husema wazee wafanye? Mimi nafanya hivyo kwa hiari Menengai, tena napiga picha.

Nilikaa kwenye lile gogo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Njia ya kwanza ya kutoroka ilikuwa kuukataa utafiti. Inawezekana. Watu waliopimwa walikuwa wachache, na mwaka 2010 watafiti huko Afrika Kusini waliwapima wanawake wa Kixhosa wanaobeba kichwani na hawakuukuta ule ubure. Waliona watu wanatofautiana sana, na shingo na maumivu yake zikawa sehemu kubwa ya habari. Pia ile MET yenyewe ina asili ya ajabu. Kile kipimo cha "kukaa umetulia" ambacho vyote vingine vinazidishwa nacho kilitokana na mtu mmoja: mwanaume wa miaka 40, kilo 70. Mwaka 2005 watafiti walipopima watu 769, wengi wao wanawake, wakakuta wastani wao uko chini ya huyo bwana. Kwa hiyo kila mara ninapomhesabu Shosho naanza kwa kumwuliza yule bwana wa kilo 70 aliyekaa kwenye kiti. Hilo linachekesha, na linaudhi, na ningeweza kuishia hapo, niandike insha ya kulaani kipimo.

Lakini ningekuwa nadanganya. Hata nikisahihisha kila kitu, namba ya mtungi inabaki ndogo. Labda ni 6, labda 15. Haifiki popote karibu na ile niliyokuwa nimeiota, mamia ya kalori yenye machozi ndani yake. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulipenda: nilikuwa nimetumaini kwamba bibi yangu anateseka sana. Nilihitaji mateso yake yawe makubwa ili hoja yangu iwe nzuri. Namba ilipotoka ndogo nilivunjika moyo, badala ya kusema asante Mungu, mzigo ni mwepesi.

Ukitaka kujua kosa la Mjomba liko wapi, liko hapo hapo penye kosa langu. Sote wawili tulikubali kwamba tangi ni fidia. Yeye alisema gharama ni ndogo kwa hiyo hakuna deni. Mimi nilitaka kusema gharama ni kubwa kwa hiyo deni lipo. Hakuna aliyeuliza kama maji ya kunywa ya mtu wa miaka 78 ni kitu ambacho anapaswa kwanza kuthibitisha kwamba kinamchosha. Ni ile habari ya chapati tena. Unapimiwa jasho ndiyo upewe.

Halafu kuna hilo neno lenyewe, amezoea. Kwa Kiswahili chetu ni neno la sifa. Kocha akisema mwanariadha amezoea milima, anamsifu. Lakini likisemwa juu ya mtu anayekuhudumia, linageuka kuwa risiti ya kuonyesha kwamba hakuna kinachodaiwa. Yule wa mkokoteni amezoea. Msichana wa kazi amezoea kuamka saa kumi. Kadiri mtu anavyokuwa hodari, ndivyo gharama yake inavyopungua kwenye mashine, na ndivyo tunavyoona hafanyi kitu. Nikibeba mimi ule mtungi nitahema, na kuhema kwangu kutahesabika. Shosho akiubeba haonekani. Ustadi wa miaka 70 ukiuweka kwenye fomula unatoa karibu sifuri.

Na hiyo sifuri ililipiwa wapi? Katikati ya paji la uso wa Shosho kuna bonde. Si kunyanzi, ni bonde kwenye mfupa. Wanawake wengi wa rika lake waliobeba kwa mukwa tangu utotoni wanalo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalaza kidole changu humo nikidhani kila bibi huzaliwa nalo. Oksijeni inapimwa leo, dakika kumi juu ya mashine. Lile bonde lilichimbwa polepole, kwa kuni na mahindi na maji, wakati hakuna aliyekuwa anahesabu, kwenye mfupa wa msichana uliokuwa bado unakua.

Kuhusu hoja ya pili ya Mjomba, kwamba kutembea kunamfaa, hiyo ina uzito na nilihangaika nayo zaidi. Kalori 100 ni kalori 100. Moyo haujui kama unapanda Menengai au unapanda na maji. Tofauti niliyoipata mwishowe ni ndogo na haina hesabu: mimi nikiamka na kuna mvua, nageuka upande wa pili. Shosho akiamka na kuna mvua, anatafuta gamboti. Kwenye orodha ya MET hakuna safu ya "ingekuwaje usingeenda". Kwangu jibu ni hakuna kitu. Kwake jibu ni hakuna chai, hakuna ugali, na kuku wanakaa na kiu.

*

Jioni ile nilimwomba anifundishe mukwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Wanaume wa rika langu kubeba kwa mukwa ni kichekesho, na mimi nilitaka hata kile kichekesho. Nikachukua mtungi wa lita 20 kwa kiburi, akanifunga, akanirekebisha kichwa kwa mikono miwili kama fundi anayepanga dirisha. "Usiangalie mbele. Mbele hakuendi mahali."

Kilo 21 kwa mtu wa kilo 74 ni asilimia 28. Hatua 50 za kwanza nilijiona bingwa. Kisha shingo ikaanza kuniambia mambo. Ule mkanda haukati ngozi, unasukuma fuvu lote nyuma, na wewe unalisukuma mbele, na katika kusukumana huko huwezi kufikiria kitu kingine. Nikakumbuka kujipima: ongea. Nikajaribu kumwambia Shosho tupumzike. Likatoka neno "tu."

Yeye alikuwa nyuma yangu na mtungi wake wa kumi. Alikuwa anasimulia. Njia yote ile ya kupanda alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe wa jirani aliyeuzwa mara mbili kwa watu wawili tofauti, na nani alijua, na mke wa nani alificha kamba, bila kukata sentensi, bila kuvuta pumzi mahali pasipohitajika. Akifika penye utamu anaigiza sauti. Mimi nilikuwa natoa silabi.

Tulipofika juu nilijitupa kwenye nyasi, nikaweka vidole kwenye shingo. Mapigo 41 kwa sekunde 15. Mia na sitini na nne.

"Unafanya nini hapo shingoni?"

"Nahesabu moyo."

"Ukihesabu unapona?"

Nikamwuliza kama yeye huchoka. Akafikiri. Alisema miguu haichoki, na mgongo hauchoki sana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kinachomchosha ni usiku, anapolala akikumbuka kwamba asubuhi pipa lina maji ya nusu tu.

Sijui hiyo ni kalori ngapi. Aliyelala usingizi, kwenye ile orodha, yuko chini kidogo ya MET 1.

Nilirudi Nakuru Jumatatu na shingo iliyogoma kugeuka, dereva wa matatu akinicheka kila nilipozungusha mwili mzima kumlipa. Nilituma elfu saba. Kwenye kundi sikuandika namba yoyote. Niliandika tu kwamba nimetuma, na kwamba pesa nilikuwa nazo tangu mwezi wa tatu. Mama alijibu kwa kidole gumba kimoja, na mwenye mama Mkikuyu anajua hicho kidole kinasema nini. Mjomba hakujibu. Wiki iliyofuata fundi wa mifereji ya mabati alifika kwa Shosho akasema ameshalipwa, hakutaja na nani. Hatujawahi kulizungumzia.

Tangi ni la lita 3,000, jeusi, linakaa kwenye kona ya nyumba kama mgeni mnene. Mvua za mwisho wa mwaka zililijaza. Mtungi wa lita kumi Shosho aliukata ubavuni akapanda dania. Mukwa unaning'inia kwenye msumari jikoni, na shangazi alipotaka kuuchukua auweke kama pambo sebuleni mwake Nairobi, aliambiwa auache.

Kalori bado nahesabu, lakini za kukimbia tu. Kwenye kibanda cha chapati sifungui kitabu.

Jumamosi iliyopita nilifika Subukia bila kupiga simu. Nyumba ilikuwa wazi, moto unafuka, tangi limejaa, nikaligonga kuhakikisha. Shosho hayupo. Jirani akaniambia ameenda chemchemini. Na nini? Na kale kamtungi ka lita tano. Kwa nini, na maji si haya hapa? Jirani akainua mabega. Anasema ya tangi yana ladha ya bati, na tena huko chini ndiko anakopata habari.

Nilisimama pale nikiwa na hasira kidogo, hasira ya mtu aliyetoa elfu saba. Kilo tano, chini ya asilimia kumi. Nikaanza kuzidisha kichwani kwa mazoea, nikaacha katikati. Kulikuwa kunaanza kunyesha. Nikachukua gamboti zake mlangoni, zikakataa kuingia, nikavaa raba zangu nikamfuata.